Siku ya kwanza ya shule: kuaga au kuchomoka, kukaa naye au kuondoka?

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ndiyo maana shule zinapofunguliwa Januari wazazi wengi hudanganyika. Begi jipya, viatu vyeusi ambavyo bado vinateleza, sare iliyoshonwa kubwa makusudi ili ifike mwakani. Mtoto anaingia getini akirukaruka, hata nyuma hageuki. Mama anarudi mtaani anatamba: "Wangu? Hana shida hata kidogo." Alhamisi asubuhi mtoto huyohuyo yuko uvunguni, kakumbatia tendegu la kitanda, na uji umepoa mezani.

Nimefundisha darasa la awali Tanga kwa miaka tisa, na wangu mwenyewe wawili nimewapeleka. Kilio cha siku ya kwanza hakinitishi. Ninayoitazama ni siku ya nne, upya ukishaisha na mtoto akishang'amua kwamba kumbe jambo hili ni la kila siku. Hapo ndipo njia aliyoichagua mzazi inapojionyesha. Zipo njia zinazoufukuza woga ili ibaki furaha tupu, na zipo zinazouacha woga ukae na furaha kwenye benchi moja. Mimi ni wa hizi za pili, nasema mapema ili usije ukanidhani hakimu asiye na upande. Hata hivyo nazipanga mbilimbili, kila moja na haki yake, jinsi zinavyoonekana kutoka ndani ya darasa. Huko mzazi haoni, maana ameshaondoka.

Kuaga au kuchomoka

Kuchomoka ndiko kunakopendwa. Mtoto ameshakaa chini anachezea vizibo vya soda, mwalimu anakukonyeza, unanyata kama mwizi wa kuku, ukifika getini unapumua. Faida yake ipo na si ndogo: hakuna kilio mbele yako. Unafika kazini moyo umetulia, na mwalimu naye amepata dakika tano za amani.

Dakika ya sita mtoto ananyanyua kichwa. Anatazama pale ulipokuwa umesimama. Anatazama nyuma ya mlango. Kilio cha aliyeagwa na kilio cha aliyetorokwa havifanani, na mwalimu yeyote wa chekechea atakwambia hivyo. Aliyeagwa analia akiwa amening'inia sketi yangu. Ana hasira, ana huzuni, lakini anajua kilichotokea. Aliyetorokwa anatafuta. Anakimbilia getini, anachungulia darasa la pili, anarudi, ukimshika anarusha mateke. Kesho yake vizibo havigusi. Anakaa mlangoni na begi mgongoni, macho kwa mama yake tu. Kazi yake sasa ni ulinzi, na mlinzi hachezi.

Jambo hili lilichunguzwa jirani kabisa na sisi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda akifuatana na mumewe aliyepata kazi Kampala. Akaanza kutembelea kaya 26 za Waganda katika vijiji vya karibu, akiwatazama watoto wachanga 28 na mama zao. Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mama, akaenda kuchungulia hiki na kile, akarudi kugusa goti la mama, kisha akaondoka tena. Mama ndiye kituo. Mtoto mwenye hakika na kituo chake huenda mbali. Asiye na hakika haondoki kwenye pindo la nguo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1967, na mengi yanayofundishwa leo duniani kuhusu mtoto na mlezi wake yana mizizi humo, ingawa watu husahau kwamba yalianzia kwenye mikeka ya Buganda. Mtoto wa miaka mitano hatambai tena, lakini mlangoni mwa darasa anauliza swali lilelile: nikigeuka nikacheza, nikirudi nitakukuta?

Kuaga kuna gharama yake, na unailipa papo hapo: kilio, kung'ang'aniwa, wazazi wengine wakikutazama. Kwa kuaga nina maana ya mambo matatu. Umwambie unaondoka. Umwambie utarudi lini, kwa saa yake yeye. Halafu uondoke kweli. "Nitakuja saa sita" kwake ni sawa na kumwambia utakuja mwaka 2040. "Mtakunywa uji, mtaimba, mtacheza nje, kengele ikilia utanikuta chini ya ule mwembe" anaielewa, na nimewasikia watoto wakiihesabu: uji tayari, kuimba tayari, bado nje.

Kuna na kuaga kubaya. Mama anaaga, anafika dirishani anapunga mkono, anarudi kumfuta kamasi, anaaga tena, anarudi kumwachia leso. Kila akirudi anamwambia mtoto bila kutamka kwamba hapa si mahali pa kuachwa. Mara moja nilimwambia baba mmoja, "Mzee, ama ingia ukae, ama nenda." Alinikasirikia, na pengine nilikosea namna ya kusema. Neno lenyewe silifuti.

Na "naenda dukani mara moja, nakuletea pipi" ni kuchomoka kulikovaa nguo ya kuaga. Njia ya mwongo ni fupi. Ya duka hili inaishia saa nne wakati wa uji.

Uamuzi wangu hapa sina haja ya kuupembua sana: aga kwa ufupi, hata kwa kilio. Wapo watoto ambao kuchomoka hakukuwadhuru, sikatai. Hao hata ungewaaga wasingelia.

Kukaa naye darasani au kumwachia mlangoni

Hapa jibu si moja. Ujerumani, vituo vingi vya kulea watoto hufuata utaratibu ulioandaliwa Berlin miaka ya 1980. Siku tatu za kwanza mzazi anakaa chumbani na mtoto, pembeni, kimya, haendi popote. Siku ya nne ndipo anaaga na kutoka, kwa muda usiozidi nusu saa, na jinsi mtoto alivyoupokea mwachano huo ndiyo inayoamua kama muda utaongezwa au kungojwa. Ulibuniwa kwa watoto wadogo kuliko wa awali, lakini mantiki yake ni safi: mtoto kwanza ampate mtu mpya wa kumkimbilia, ndipo wa zamani aondoke.

Sasa ulete utaratibu huo kwenye shule ya serikali ya mtaani kwetu. Mwongozo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi kuna mwaka nilikuwa na 84. Kila mmoja akija na mama yake tutahamia uwanjani.

Kwa hiyo kukaa kunawezekana kwa shule yenye nafasi na mwalimu aliyekubali, na kunamfaa mtoto wa aina moja hasa: yule wa kutazama kwanza. Unamjua. Kwenye sherehe anasimama nyuma ya kiti chako robo saa nzima, halafu ghafla yuko katikati anacheza kuliko wote. Huyu ukimpa dakika 30 kwa siku mbili tatu, ataingia mwenyewe. Lakini kaa kama mgeni wa msibani: nyuma, chini, maneno machache. Usimpe rangi, usimfungulie maji, usimjibie maswali ya mwalimu. Mwalimu ndiye ampe.

Mtoto wa kung'ang'ania hali yake ni nyingine. Ukikaa, anapanda mapajani na hapo ndipo anaposomea. Siku ya tatu ukiondoka analia kilio cha siku ya kwanza, ila sasa wenzake wameshapata marafiki na yeye bado. Huyo mwachie mlangoni, mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, si kumsukumia ndani ya kundi. Mkono hadi mkono. Nilikuwa nawaomba wazazi wasiniachie mtoto sakafuni. Nipe mkononi, mwambie "huyu ni mwalimu wako, mimi namwamini," halafu twende kazi.

Kama huwezi kukaa na unaona mtoto ni wa kutazama, kuna njia ya katikati isiyo na gharama. Nenda naye Desemba, shule ikiwa tupu. Msalimie mlinzi, mweleze, wengi hawana neno. Mtoto akalie dawati, aruke kwenye ngazi, aone bomba liko wapi. Na choo. Hasa choo.

Kumwandaa mapema au kumpeleka tu

Bibi zetu wengi ni wa kumpeleka tu: mtoto akiambiwa mapema ataanza kuwaza, na mawazo si ya mtoto. Wana sehemu ya haki. Mtoto anayeimbiwa shule tangu Oktoba ana miezi mitatu ya kuitengeneza kichwani, na anachotengeneza hakifanani na kitakachomkuta. Wiki mbili zinatosha.

Tofauti kubwa iko kwenye kinachoandaliwa. Wazazi wengi huandaa herufi: a, e, i, o, u, na kuhesabu hadi mia. Sijapata kuona mtoto aliyelia kwa sababu hajui herufi. Nimewaona waliolia kwa sababu hawawezi kufungua kifuniko cha kopo la maji, kufungua kishikizo cha suruali, kuvua kiatu kilichofungwa kamba mbili. Na choo. Mwanafunzi wangu mmoja, mchangamfu, mwimbaji, ghafla wiki ya pili akakataa shule kabisa. Nyumbani wakadhani amepigwa. Nilimfuatilia nikagundua kwamba asubuhi nzima hanywi maji wala uji. Choo chetu kilikuwa cha shimo, giza, mlango mzito. Nyumbani kwao kulikuwa na choo cha kukalia na taa. Alikuwa anaogopa kutumbukia. Tukawa tunamwachia mlango wazi kidogo, mwenzake akisimama nje anaimba ili ajue yupo mtu. Wiki ile ile akaanza kunywa uji.

Kama unampeleka shule binafsi inayotumia Kiingereza na nyumbani mnaongea Kiswahili, hapa usikwepe. Mtoto anaingia darasani akiwa msemaji wa ukoo, anageuka bubu kwa siku moja. Hawezi kusema ameumwa, hawezi kusema fulani kamnyang'anya penseli. Mfundishe ombi moja tu la kwenda chooni kwa lugha ya darasani, lirudieni kwa mchezo mpaka limtoke hata usingizini, na umwombe mwalimu amkubalie Kiswahili kwa mwezi wa kwanza. Mwalimu akikataa kabisa, hiyo nayo ni taarifa ya kukusaidia kuchagua shule.

Upande mwingine wa kuandaa kuna kuandaa kwa vitisho. "Ngoja uende shule, mwalimu atakunyoosha." Tunaisema jikoni kwa mzaha, mtoto haijui mizaha hiyo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001; Tanzania kanuni bado zinavitambua, chini ya mwalimu mkuu. Lakini vyovyote sheria isemavyo, ukimgeuza mwalimu kuwa zimwi mwezi Desemba, usitegemee mtoto amshike mkono Januari.

Kumwambia "usilie, wewe mkubwa" au kuutaja woga wake

Hili ndilo nililochelewa mwenyewe kulielewa, kwa hiyo nitakaa nalo.

"Usilie, wewe ni mkubwa sasa" ina kazi yake. Ni ya haraka, inampa mtoto cheo, na kwa mtoto anayedeka kidogo tu mlangoni inatosha. Anavuta kamasi, anaingia. Nimeitumia mara nyingi. Udhaifu wake ni kwamba inamfundisha kuwa mkubwa haogopi. Akiogopa kesho, basi yeye si mkubwa, na sasa ana mambo mawili ya kuficha: woga wenyewe na aibu ya kuwa nao. Watoto wa namna hii hawalii darasani. Wanalalamika tumbo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi tumbo limepona.

Wengine huenda upande wa pili kabisa: wanamsifia mtoto shule mpaka inageuka Mbinguni. Bembea, marafiki, nyimbo, uji mtamu. Mtoto akifika akakuta foleni na jua, anadhani kasoro ni yake.

Njia ninayoipendelea ni kuvitaja vyote viwili. Ila kuna ugumu, na hapa utafiti umenisaidia. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Harter, aliwauliza watoto wa rika mbalimbali kama mtu anaweza kuwa na hisia mbili kwa wakati mmoja. Wadogo walikataa: haiwezekani. Wakubwa kidogo walikubali, lakini kwa zamu, kwanza hii halafu ile. Kwamba furaha na hofu zinaweza kumjaa mtu pamoja, juu ya jambo hilohilo moja, huja baadaye sana, mtoto akiwa tayari yuko madarasa ya juu ya shule ya msingi. Niliposoma hayo nikamkumbuka binti yangu. Usiku wa kuamkia shule nilimuuliza, "Una furaha au unaogopa?" Akafikiri. "Nina furaha." Akanyamaza. "Halafu naogopa. Halafu nina furaha." Nami nikamkatiza: chagua moja! Mwalimu mzima.

Swali langu ndilo lililokuwa bovu. Mtoto wa miaka mitano aliyejaa hamu na hofu hawezi kukueleza ana vyote. Anakuonyesha kwa zamu, na wewe unamwona kigeugeu. Saa moja usiku anataka alale na sare. Saa moja asubuhi anaivua na kuitupa. Hakudanganyi mara zote mbili.

Kwa mdogo wake nilifanya vingine. Nilichukua vizibo viwili, cha njano na chekundu. Nikamwambia huyu ndiye anayetaka kwenda shule, huyu ndiye hataki, na vyote ni vyako, vinakaa mfuko mmoja. Sikumwambia chekundu kiondoke. Asubuhi nilikuwa namuuliza, "Leo kipi kiko juu?" Anapapasa mfukoni, ananionyesha. Siku nyingine chekundu, na siku hiyo tulitembea taratibu kidogo, basi. Wiki ya tatu alirudi na vizibo saba. Kumbe alikuwa akicheza navyo na wenzake na amewala. Nikauliza kile cha kuogopa kiko wapi. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Mbinu hiyo haimfai kila mtoto. Wapo ambao ukiutaja woga unauamsha. Hawa unawaona, wanageuza uso, wanaziba masikio. Usiwalazimishe mazungumzo. Kwa hao elekeza maneno kwa kitu kingine: "Naona hata viatu vyako vinaogopa kuchafuka." Mtoto atajibu kwa niaba ya viatu, na utasikia ya kwake yote humo.

Pipi mkononi au kipande cha kanga mfukoni

Zawadi: inafanya kazi siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu kwa bei ya juu zaidi. Ya tano mtoto anajadiliana kama dalali. Tena ahadi ni deni. Mzazi akisahau pipi siku moja tu, mtoto hakumbuki zile nne alizopata.

Kitu cha nyumbani hakimnunui, kinamsindikiza. Kwa Pwani hakuna kilichozidi kipande cha kanga ya mama, ile iliyochakaa, ambayo haijafuliwa jana. Harufu ndiyo yenyewe. Mvulana mmoja alikuwa na kipande cha ukubwa wa kiganja. Wakati wa hadithi anakitoa, anakisogeza puani, anakirudisha mfukoni, anaendelea kusikiliza. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu wiki iliyofuata wanne walikuwa navyo. Kasoro: kikipotea ni msiba. Kata viwili, kimoja kibaki nyumbani.

Ukitaka zawadi, itoe baadaye bila kuitangaza mwanzoni. Ijumaa jioni, koni au muhogo wa kuchoma, kwa sababu wiki imeisha. Si kwa sababu hakulia.

Nani ampeleke

Si lazima mama. Mara nyingi mama ndiye mgumu kuachana naye, na mtoto anayemlilia mama dakika kumi humwacha baba kwa dakika moja. Si kwamba anampenda zaidi mmoja. Kwa mama ndiko anakomwagia yote. Kama baba anaweza kwenda wiki ya kwanza, jaribuni. Shangazi na dada wa kazi nao sawa, mradi awe mmoja, yuleyule, kwa wiki mbili. Kinachomvuruga mtoto ni leo mama, kesho bodaboda, keshokutwa jirani.

Bibi ana faida yake peke yake: utani. Bibi mmoja alikuwa anamleta mjukuu wa kiume, wanafika getini mtoto ameanza kuvimba midomo, bibi anamwambia, "Mume wangu, usiponiletea habari za shule leo nakuacha, naolewa na mwingine." Mtoto anacheka huku machozi yakimtoka. Vyote viwili usoni mwake mara moja, kile ambacho kwa maneno asingeweza kukisema.

Basi la shule ni rahisi kwa mzazi, na kwa mtoto aliyezoea lina raha yake. Kwa mgeni siliungi mkono wiki ya kwanza, kwa sababu mwachano unatokea barabarani, kwa haraka, mikononi mwa mtu ambaye si mwalimu wake. Mpeleke mwenyewe siku tano, ndipo apande basi.

Na kuliko wote hao: mtoto mwenzake. Watoto waliotangulia kwenda chuo cha Kurani na ndugu zao huingia darasani kwangu kwa wepesi, na nadhani sababu ni kwamba hawajawahi kuachwa peke yao. Daima kulikuwa na kaka wa kumshika kanzu. Kama mtaani kuna mtoto anayeanza shule hiyohiyo, waunganisheni Desemba, wacheze, waende pamoja asubuhi. Wawili wanaoogopa pamoja huogopa nusu nusu.

Sasa hivi au mwakani

Wapo wanaouliza kama ni bora kungoja. Sera ya elimu ya Tanzania ya 2014, toleo la 2023, inataka mwaka mmoja wa awali, na darasa la kwanza mtoto alianze akiwa na miaka sita. Kenya kuna madarasa mawili ya awali: PP1 wanaanza na miaka minne, na PP2 na mitano. Shule binafsi huchukua hata wa mitatu. Kilio peke yake si sababu ya kungoja, kwa maana mtoto atalia na mwakani, tena akiwa mzito zaidi kubebwa. Sababu za kweli ni kama hajaweza kujieleza kwa mtu asiye wa nyumbani, au kuna jambo zito limepita: msiba, mdogo mchanga aliyezaliwa wiki iliyopita, kuhama. Mtoto anayeanza shule wiki ambayo mdogo wake amefika nyumbani anaelewa kitu kimoja tu, kwamba amefukuzwa nafasi yake. Sogeza hata kwa wiki tatu kama shule inakubali.

Lini ubadilishe njia

Mpe mwezi. Kilio cha mlangoni kinachokatika ndani ya dakika kumi na tano si tatizo hata kikirudi kila Jumatatu na kila baada ya likizo. Muulize mwalimu ananyamaza saa ngapi, usimuulize kama analia. Lakini akianza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, akawa halali, akakonda, akamwogopa mtu mmoja mahsusi, au akawa mkimya nyumbani na shuleni, hapo usibadilishe mbinu za mlangoni. Nenda shule, kaa, tazama, uliza. Ukiona alama mwilini, fuatilia siku hiyohiyo.

Kumdadisi au kumwacha akirudi

"Umejifunza nini leo?" huleta jibu moja: "Hamna." Sio kwamba hakujifunza, amechoka, na swali ni kubwa kuliko mlango. Kumwacha kabisa nako kunamnyima nafasi ya kushusha mzigo. Mpe kwanza chakula, mvue viatu, ndipo uulize kitu kidogo chenye mipaka: uji ulikunywa umekaa na nani? Nani alilia leo? Hilo la pili ni zuri mno, maana atakusimulia kilio cha mwenzake kwa urefu na kwa huruma, na katikati ya hadithi utajua ni cha nani.

Lakini kabla ya swali lolote kuna saa ya kumchukua, na hapa hakuna cha kulinganisha. Ulimwambia kengele ikilia utakuwa chini ya mwembe. Nimebaki mara nyingi na mtoto mmoja barazani, wenzake wote wameondoka, uwanja mtupu, na nimeona asubuhi nzima nzuri ikifutika kwa robo saa. Wiki mbili za mwanzo fika dakika kumi kabla, na simama palepale ulipomwambia, si upande wa pili wenye kivuli zaidi.